Zamu Niliyomwibia Onofre

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Rosenda zima hiyo redio, maana sauti yangu leo haina ubavu wa kushindana na mtu, na nitakayosema sitayarudia. Facundo, kaa upande huu wa sikio langu zima. Mkeo Priscila nimemtuma kwa jirani yetu Onofre aje naye. Akifika mapema atasikia, akichelewa mtamwambia ninyi, na mtamwambia yote bila kupunguza neno ili kunifichia aibu.

Nyumba hii na shamba la juu ni vya Facundo, kwa sababu ndiye aliyebaki hapa kukanyaga matope. Shamba la chini pamoja na mitufaa yake ni la Rosenda, hata kama viatu vyake havijaona samadi tangu aolewe mjini. Usicheke, Facundo, nawe una yako. Kondoo gawaneni bila kupigiana kelele. Limebaki jambo la maji. Rosenda mwanangu, ile karatasi uliyoiweka chini ya sahani nimeiona. Mimi nakufa, sijawa kipofu. Najua kuna bwana wa Albuquerque anayetaka kununua haki yetu ya maji tu, udongo tubaki nao, na najua mmegombana juu yake jikoni mkidhani nimelala. Sikulaumu, shamba lisilolimwa ni mzigo. Lakini nisikilize kwanza, kisha uniambie kama maji hayo ni yetu ya kuuza.

Mimi mito mitatu ya nchi hii nimeijua kwa miguu yangu, si kwa ramani. Kando ya Pecos nilichunga kondoo nikiwa kijana, mto mwembamba, unaozidi chumvi kadiri unavyoshuka, lakini bila huo pasingekuwa na mtu wala mbuzi katika nyika ile yote. Rio Grande nimeufuata kutoka juu Colorado, nilikokwenda kuvuna viazi, ambako ungeweza kuuvuka bila kulowesha magoti, hadi chini El Paso, ambako nchi mbili zinaugawana na bado hautoshi. Na mto Chama, huu wetu, ndio uliowalea ninyi: theluji ikiyeyuka mlimani unatujia mwekundu kwa udongo, tunayakinga maji yake kwenye mfereji, tunanywesha mahindi, maharage na pilipili, kisha kinachobaki kinarudi mtoni kwenda kukutana na Rio Grande, na huko wanakinga wenyeji wa kwanza wa bonde hili, na chini yao wengine, na chini ya hao wengine tena. Maji yote niliyowahi kunywa yalikuwa mabaki ya mtu aliye juu yangu, aliyekumbuka kwamba nipo. Ndiyo maana babu zenu walipochimba mfereji hawakugawana maji, waligawana zamu, na mwaka wa ukame zamu ya kwanza ilikuwa ya yule wa mwisho kabisa, kwa sababu yeye ndiye rahisi kusahaulika.

Nami nilimsahau. Hapana, nisidanganye hapa kitandani: sikumsahau, nilimwibia.

Ni mwaka ule wa ukame mkubwa, mlikuwa wadogo. Mto Chama ulivukika bila kuvua viatu. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mfereji, mpanga zamu, na shamba la Onofre ndilo la mwisho. Siku moja kijiji kizima kilibeba sanamu ya Mtakatifu Isidro, mwombezi wa wakulima, kuzunguka mashambani kuomba mvua, na mnaijua desturi, mtakatifu akiwa njiani hakuna anayegusa lango la maji. Mimi nilisema mguu unaniuma. Walipokuwa wanaimba upande wa pili wa kilima, mchana kweupe, nikainua lango langu, nikayaacha maji yaliyokuwa yakienda kwa Onofre yaingie kwenye pilipili zangu mpaka matuta yote yakalowa, nikalishusha, nikaosha koleo, nikaenda kuwalaki na kofia mkononi. Mama yenu aliiona ardhi ile. Alipakua posole, mchuzi wetu wa mahindi, akaniwekea bakuli mezani kwa kishindo, na mpaka anakufa hakulitaja.

Maharage ya Onofre yalikauka wiki hiyo. Akaja kwangu, kwa msimamizi, kudai haki, akamshuku ndugu yake wa tumbo moja, Melkiades, ambaye shamba lake lilipakana na la Onofre kwa juu na ambaye naye hakuonekana kwenye maandamano. Nami, wanangu, niliketi kitini nikamhukumu Melkiades. Alilia, akaapa kwa kaburi la mama yake. Nikamtwisha siku sita za kuzoa tope la mfereji peke yake, na watu wakanisifu kwamba sipendelei. Ndugu wale waliokuwa wakila sahani moja hawakusemezana miaka thelathini na moja. Melkiades alipokuwa anakata roho aliomba maji, na aliyempa ni mimi. Nilimshika kichwa, nikamnywesha, nikashindwa kusema. Hilo linaniuma kuliko wizi wenyewe.

Kwa hiyo shikeni amri yangu. Msiuze maji. Rosenda, yakishaondoka kwa karatasi hiyo hayarudi, na aliye chini yetu hataulizwa. Kama hulimi, mwachie kaka yako alime. Kila mwaka wa ukame zamu yetu ya kwanza ipelekeni kwa nyumba ya Onofre, hata pilipili zenu zikinyauka mkiziona, na watoto wenu waambieni kwa nini, mkilitaja jina langu. Siku ya kusafisha mfereji, Facundo, kipande cha Melkiades utakichimba wewe kabla ya chetu. Na wakitaka kukupa usimamizi kwa sababu yangu, kataa. Wakikupa kwa sababu yako, pokea.

Nipe maji kidogo, Rosenda... Inatosha. Usilie, mama.

Nani huyo mlangoni? Priscila? Na nyuma yake... Onofre. Umesimama hapo tangu lini? Tangu niliposimulia yale maandamano, eh? Basi umeyasikia. Ingia, vua kofia au usivue. Nilitaka kukuomba... Umesema nini? Paza sauti. Facundo, amesemaje?

Eti si yeye wa kuombwa. Eti ninakokwenda ndiko Melkiades aliko, nikamwambie mwenyewe, na nisiache kumwambia kwamba nduguye naye anakuja kumpigia magoti.

Nitamwambia, Onofre. Nitatangulia mimi, nawe utanikuta.

Nizikeni karibu naye, wanangu... pale mteremkoni, yeye awe juu yangu, mvua imfikie kwanza. Mungu awalinde. Rosenda. Facundo. Awape theluji nyingi mlimani, na mioyo... mpendane. Karatasi hiyo ichaneni nikiwa bado nasikia. Ndiyo. Ndiyo hivyo.

Mpeni Onofre kiti. Ametembea mwendo mrefu... mpeni kiti.