Tsuneko, Binti Pekee wa Nyumba ya Nijo

Marehemu Tsuneko alizaliwa tarehe 9 mwezi wa nne, mwaka wa tatu wa enzi ya Jogan, hapa hapa Nijo, katika nyumba ambayo mama yake, Bibi Takeko, aliachiwa na mama yake, na kwa kuwa Bibi hakujaliwa binti mwingine, Tsuneko alirithishwa kuta hizi kabla hajaota meno.

Elimu aliipata nyuma ya pazia la mama yake, alikojifunza kuandika, kutia hariri rangi na kushona, na kushona ndiko kulikokuwa kazi yake hadi mwisho.

Tarehe 12 mwezi wa kumi, mwaka wa pili wa Gangyo, aliolewa na Harunaga, karani wa hazina, aliyekuja siku tatu mfululizo kama ilivyo ada, na ya tatu wakala mikate ya mchele, huku Bibi akilala amekumbatia viatu vya mkwewe ili asizoee mlango mwingine, akavibana kweli kweli, asubuhi vikawa vimepinda.

Walijaliwa mtoto mmoja, Nariko, anayewasomea historia hii, aliyezaliwa mwaka wa nne wa Gangyo, na ambaye mumewe, Tadamune, naye huja kwetu, maana kwa ada mume ndiye humfuata mke nyumbani kwao.

Mwezi wa pili, mwaka wa pili wa Ninna, Harunaga alihamishiwa Mutsu, kaskazini ya mbali, akaomba aende na mkewe, na Tsuneko alikwisha kufunga sanduku, ndipo Bibi akaketi kizingitini, akasema, "Nenda, mwanangu, mimi sikuzuii, ila nyumba isiyo na binti ni ya nani?", basi Tsuneko, aliyezoea kuitikia tu, akalifungua sanduku. Baada ya miaka mitatu Harunaga alioa huko huko, na marehemu akaendelea kumshonea na kumpelekea mavazi ya kila msimu kwa miaka kumi na mitatu, na ilimuuma, tusifichane.

Kifua kilimwanza mwezi wa nane mwaka jana, akafariki tarehe 3 mwezi huu wa pili, mwaka wa pili wa Engi, akiwa na miaka arobaini na miwili, baada ya kumshika binti yake mkono na kumwambia, "Nariko, usikubali kuachiwa nyumba, Tadamune akihamishwa mfuate."

Familia inamshukuru tabibu, watawa walioomba siku saba, majirani waliotuazima gari la ng'ombe, na washonaji wenzake wote.

Tadamune naye amehamishwa, anaondoka kwenda Tsukushi, magharibi ya mbali, mwezi ujao. Bibi ana miaka sabini na mmoja, na jana ameiandika upya hati ya nyumba, kwa jina la Nariko.

Mama, wewe umeshatoka. Pumzika kwa amani.