Kibao cha Mwamba wa Nyayo

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkurugenzi wa hifadhi yetu ya rasi, watafiti, walimu na wanafunzi, wakata mawe wenzangu wa zamani mliojibana kule nyuma ilhali viti vya mbele vipo, mabibi na mabwana: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nifanye jambo dogo. Nivute pazia hili, kibao kionekane, mpige makofi, kisha tuingie katika jumba jipya tukatazame mawe na mifupa iliyopangwa nyuma ya vioo. Mniwie radhi, sitalivuta. Nisikilizeni kwanza, halafu mtaamua wenyewe.

Rasi hii mnaijua. Upande mmoja kuna magenge ambako ndege wa baharini wanataga, upande wa pili kuna mchanga ambako kasa hupanda kufukia mayai yao. Wataalamu wametufundisha kwamba mwamba tunaoukanyaga ulikuwa matumbawe chini ya maji, kisha bahari ikarudi nyuma, upepo ukarundika mchanga juu yake, na mchanga huo ukaganda ukawa jiwe. Kabla haujaganda, mnyama mkubwa alipita juu yake na mtoto wake. Nyayo zao ndizo zilizofanya machimbo ya mawe yafungwe, ndege na kasa wakapata utulivu, na rasi nzima ikatangazwa kuwa hifadhi. Nani kati yetu asiyejivunia?

Sasa, kibao kilicho nyuma ya pazia kinasema nyayo hizo ziligunduliwa na mimi. Si kweli.

Miaka thelathini na moja iliyopita nilikuwa msimamizi wa machimbo pale kwenye ncha. Nilikuwa na wakataji kumi na wanane, na mmoja wao tulimwita Polepole. Kabla ya kushika tindo na nyundo, alilimwagia jiwe maji, akalipangusa kwa kiganja, akalitazama. Wenzake walikuwa wameshakata matofali sita, yeye ndiyo kwanza anamalizia la nne. Lakini la kwake halikupasuka hata siku moja. Tulimcheka, na mimi nilimcheka kuliko wote, maana mimi ndiye niliyekuwa nikibanwa na wakubwa.

Asubuhi moja aliumwagia maji mwamba mpya, akaweka tindo chini, akaniita. Niliona mashimo makubwa yamefuatana, na kando yake madogo. Nikamwambia, "Hayo ni mashimo ya maji tu. Kata."

Akanijibu taratibu, "Bosi, tangu lini maji yakatembea kwa miguu minne, na mtoto ubavuni?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi uso ulinishuka. Je, niliinama nikatazama tena? Sikuinama. Nilimfukuza kazi palepale, tindo nikampa mwingine. Nyayo tatu za mwanzo zilikatwa kuwa matofali siku ileile. Watafiti mlioniuliza mara nyingi safu inaanzia wapi, leo nawajibu: inaanzia kwenye ukuta wa choo cha soko.

Kesho yake tulikuta mwamba wote umefunikwa mchanga. Nikadhani ni upepo, tukahamia upande mwingine. Miaka kumi na miwili baadaye watafiti walifika wakiulizia alama za ajabu kwenye mawe. Nikakumbuka. Nikawapeleka, tukafagia, nyayo zikaonekana. Wakauliza, "Nani aliziona kwanza?" Nikasema, "Mimi." Ni neno hilo moja tu. Limenipa vyeti, limenipandisha ndege, na limeniketisha kiti cha mbele miaka yote hii.

Wiki tatu zilizopita, nilipopokea mwaliko wa leo, chakula kilinishinda. Nikaanza kumtafuta Polepole. Nikaambiwa amefariki, huu mwaka wa nne. Baada ya mimi kumfukuza alibeba makasha ya samaki bandarini, mpaka mgongo ukamshinda. Nikaenda kupiga hodi kwa mkewe.

"Karibu, shemeji," akasema. "Umechelewa, ila kiti kipo."

Ndipo nilipojua kwamba ule mchanga haukuletwa na upepo. Aliubeba mumewe, yeye akimsaidia kwa karai, jioni ya siku ile niliyomfukuza. Na kila ulipopeperuka walirudi kuufunika upya, miaka yote kumi na miwili. Hakuna aliyewatuma, na hakuna aliyewaambia ahsante.

Nikamuuliza anataka nimfanyie nini. Akasema, "Mimi sina makubwa, shemeji. Ila wajukuu zake wataletwa pale na shule, wasimame mbele ya jiwe la babu yao wasome jina lako. Unataka niwaambie nini?"

Niliona aibu, na ninaiona hata sasa nikiwa mbele yenu.

Mheshimiwa, naomba kibao kibadilishwe. Na hapa pana aibu kubwa zaidi. Nilipokwenda kwa fundi wa vibao kumwagiza kingine, aliniuliza, "Niandike jina gani?" Miaka tisa nilikuwa msimamizi wake, na kwenye daftari la mahudhurio kila asubuhi niliandika Polepole. Sikuwahi kumuuliza jina lake.

Ningeweza kurudi kwa mkewe nikamuuliza kwa siri. Nikasema hapana. Nilidanganya mbele za watu, basi na niulize mbele za watu.

Mama, uliyekaa mstari wa tatu na wajukuu zako, nakuomba radhi. Nakuomba pia usogee hapa kwenye kipaza sauti. Fundi wa vibao ameshika kalamu, anasubiri.

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia. Mimi nakaa. Sasa msikilizeni yeye, atuambie mumewe aliitwa nani.