Jeep ya Pont Moja

Amani ikae na sisi, wamama na wapapa wa shirika yetu ya kanisa. Ninaomba munisikilize mpaka mwisho, na mwenye kutaka kucheka acheke nikiisha kukaa, juu mukinikata katikati sitapata tena nguvu ya kuanza.

Munanijua. Mimi ni ule mwenye jeep ya kuvuta remorque, ile gari ndogo ya kufungwa nyuma. Ninabeba maharagi na makabeji toka Katana, ninabeba mbao, ninabeba bière za ndoa zenu. Na hii habari ya leo munaijua pia, lakini munaijua namna moja. Leo nitaisema vile ilikuwa. Sitataja jina ya mutu. Mwenye habari iko amekaa hapa kati yetu na ninaona haya kumuangalia, kwa hiyo musishangae nikiongea na macho yangu chini.

Ile jeep niliinunua kwa muzungu mumoja mwenye alikuwa anarudia kwao. Kwa sura ni jeep kabisa: kifua mukubwa, gurudumu ya akiba ku mugongo. Lakini ni ya pont moja. Wamama wenye hawajui magari, musikie kidogo. Pont ni ile chuma ya chini yenye kupeleka nguvu ya moteri ku magurudumu. Gari ya deux ponts, ni kusema pont mbili, magurudumu yote ine inasukuma, na inapanda mulima hata mu potopoto ya matope. Ya pont moja, kama yangu, magurudumu ya nyuma tu njo inafanya kazi. Ya mbele inatembezwa kama wageni.

Sasa, nikipakia remorque, nyuma ya jeep ilikuwa inashuka mpaka kroshe, ile chuma ya kuvutia, inakwaruza mawe. Watu wa soko walinicheka sana. Walisema jeep yangu inachuchumaa kama inatafuta choo. Tukasikilizana na fundi wangu tuongeze lame moja tu, bapa ya chuma, ku resori za nyuma zenye kubeba uzito, tuweke amortisseur mupya ya kupunguza mitikisiko, na pine, ile mipira ya magurudumu, za nguvu za kipimo ile ile. Ilikuwa kazi ya akili, na ingetosha.

Lakini siku tulienda kutafuta ile lame fasi ya vyuma vya zamani, nikaona resori za camion, ile lori kubwa. Nikaona na janti zake, chuma za kuvalia pine, na pine ndefu zenye meno. Roho yangu ikaruka. Nikamuambia fundi, "Weka hizi." Akaniuliza, "Zote, papa?" Nikasema zote. Naye alipenda kazi kubwa, akakata, akachomelea, na tukafurahi sisi wawili.

Jeep ikasimama juu. Kuingia ndani nilikuwa ninakamata mulango na kujivuta. Lakini kroshe nayo ilipanda, na remorque ikaanza kuangalia mbinguni, pua juu, mukia chini, muzigo wote unarudia nyuma. Kila mwenye kuvuta muzigo anajua hii: pua ya remorque inapashwa kulalia gari kidogo, juu ile uzito njo inafanya magurudumu ya nyuma ikamate udongo. Yangu ilikuwa inainua gari. Na mimi, ndugu zangu, magurudumu ya nyuma tu njo niko nayo. Siku ya kwanza, kwa kupanda hapa hapa Kadutu, pine zilizunguka bure, halafu zikakamata. Nilisikia. Nikanyamaza.

Nilinyamaza juu watu walikuwa wananiangalia. Tukitoka ku salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, wanaume wa avenue walikuwa wanaizunguka na kuipiga-piga. "Citoyen, hii sasa ni deux ponts!" Ningesema tu, "Hapana, bana, ni pine." Sikusema. Wakaanza kuniita Papa Deux Ponts, na mimi nikaitika. Hata bibi yangu, mke wangu, alikuwa anajua kama ni uongo, na nilimuomba asiongee.

Kisha jirani yetu mumoja, maman wa shirika yetu, akafiwa na mama yake muzazi. Muzee alikufia hapa mujini, kwa nyumba ya binti yake, lakini alikuwa ameacha neno: azikwe kwao, ku mulima juu ya Lwiro, pembeni ya bwana yake. Ilikuwa wakati wa mvula. Ule maman akakuya kwangu na kitambaa ya kilio ku kichwa, macho imevimba.

"Papa," akasema, "wandugu zangu wanataka tukodi camion. Mimi nimewaambia nikuulize wewe kwanza, juu wewe ni mutu wetu. Njia ya kwetu iko mubaya sana. Jeep yako iko deux ponts?"

Ku ile njia, mbele ya kufikia mulima wao, kuko pont mbili za ingine, madaraja ya mbao ya kuvukia mito. Nilikuwa ninazijua. Nikamujibu, "Deux ponts, maman. Nitazipita zote mbili."

Alikuwa anauliza chuma, mimi nikajibu mito. Na nilijua vile nilikuwa ninafanya. Neno ilikuya haraka ku ulimi, nikaona iko tamu, nikaitoa. Ndani ya roho nikasema: sikudanganya, pont ni mbili kweli. Ndugu zangu, ninawambia, mutu alikuwa analia mama yake mbele yangu, na mimi nilikuwa ninatafuta neno ya kujifichia ndani yake. Akanishukuru. Alinikamata mikono zote mbili akanishukuru.

Tukaenda. Wamama wazee mu jeep, sanduku ya marehemu mu remorque, imefunikwa na mukeka na kitenge mupya. Wandugu zake walikuwa mbele mu gari ya kukodi. Tulifika ku pont ya kwanza, tukapita. Ya pili, tukapita. Wamama walikuwa wanaimba. Nilijisikia ninaongea kweli, mujue vile shetani iko na akili.

Halafu mulima. Ile gari ya wandugu iliachwa chini, wanaume wakashuka kupanda kwa miguu, na mimi wakaniambia, "Wewe pita, uko na nguvu." Nikapanda mpaka katikati. Pine zikaanza kuzunguka. Jeep inalia, haiendi. Ndugu mukubwa wa maman akakuya ku dirisha, mvula inamumwangikia ku uso, akasema kwa heshima kabisa, "Papa, weka basi pont ya pili."

Hakukuwa pont ya pili. Ningesema pale. Ningesema, "Kaka, sina. Mutusaidie kushusha mama." Watu wote walikuwa wamesimama wananingojea. Munajua nilifanya nini? Nilikamata levier ya vitesse, fimbo ya gia, nikaitingisha, nikafanya kama ninaingiza kitu. Nikakanyaga accélérateur.

Jeep ikarudi nyuma. Remorque ikajikunja pembeni, ikaingia mu mufereji, mulango yake ya nyuma ikafunguka juu muzigo wote ulikuwa unaegemea kule, na sanduku ikatoka. Ikateleza mu potopoto mpaka mu shamba ya maharagi ya mutu. Haikufunguka, Mungu alituhurumia kwa ile. Lakini ililala upande, na kitenge ikabaki imekwama ku remorque.

Wamama walipiga makelele yenye ninaisikia mpaka leo. Wanaume wakainua mama yao, wakamupangusa na makoti yao, wakamuweka ku mabega. Nilikimbia niweke bega yangu. Ndugu mukubwa akaniangalia, na sasa hakuniita tena papa. Alisema, kama kwa raia yeyote wa njiani, "Citoyen, baki na gari yako."

Nikabaki. Nilisikia nyimbo zinapanda mulima, kisha zikanyamaza, na nikajua wanazika. Nilikaa ndani ya ile jeep ndefu, nikaona haya hata ya kushuka niende kujisaidia.

Kurudia mujini, habari ilikuwa imenitangulia. Jina ilibaki ile ile, Deux Ponts, lakini sasa mutu akiitaja alikuwa anaangalia pembeni na kucheka. Hakuna mwenye aliniita tena kubeba kitu. Niliacha misa. Nilikuwa ninapita njia za chini nisikutane na mutu wa shirika, na kila mangaribi nilikuwa kwa wenye kuuza kasiksi, pombe ya ndizi. Bibi yangu alianza kuuza sombe, majani ya muhogo, ku soko ili tukule. Nilikuwa ninamuona anarudi na kitunga ku kichwa, anapita karibu na ile jeep imelala mu lupango, ku kiwanja ya nyumba, na hakuniambia hata neno moja mubaya. Afazali angenitukana.

Matanga ilipoisha, ule maman akakuya kwangu. Nilitaka kutokea mulango ya nyuma, bibi yangu akanikatalia. Maman akakaa, akakunywa maji, akasema, "Papa, nimefikiri sana. Mimi njo nilikuuliza vibaya. Nilisema pont, na ku njia yetu kuko pont mbili. Ulifikiri ninauliza njia, si vile?"

Nikaangalia chini. Nikasema, "Ni vile, maman."

Mulikuwa munafikiri uongo ilikuwa moja. Ya pili njo hii. Na ule maman, na roho yake safi, akaenda kuifasiria wandugu zake. Akaifasiria ninyi hapa. Watu wakacheka, lakini kucheka kwa huruma. "Maskini, alisikia mito!" Kasirani ikaisha. Mutu mumoja akanipa mbao nibebe, mwingine maharagi. Niliacha kasiksi, nikarudia misa. Tulivua zile pine na resori za camion, tukarudisha magurudumu yake ya zamani, lame moja tu ya kuongeza, na kroshe tukaishusha mpaka remorque ikakaa sawa, pua inalalia gari. Siku hizi ninapakia uzito mbele, na mulima yenye siwezi, ninasema siwezi. Kazi iko. Tunakula. Kama ushuhuda ungeishia hapa, mungepiga makofi, na mimi ningeenda kulala.

Lakini mara ya mwisho tulipokutana hapa, wakati wa kuombana musamaha, munakumbuka nani alisimama. Ni yeye. Alisimama mbele yenu wote akasema, "Ninaomba musamaha kwa Papa, juu ya ulimi yangu alipata haya kubwa." Mukapiga makofi. Na mimi nikasimama, nikamupa mukono, nikasema, "Nimekusamehe, maman."

Nimemusamehe. Mimi!

Kwa nyumba nilimuambia bibi yangu yote. Alikuwa anakata sombe, akaweka kisu chini. Akaniuliza, "Mutu amekuomba musamaha ya kosa yako, na umeipokea?" Akasema, "Tukirudia ku shirika utasema, ao nitasema mimi." Ndiyo maana niko nimesimama.

Ninamushukuru bibi yangu, mwenye alinilisha na sombe yake na hakunilisha maneno. Ninashukuru fundi, mwenye alirudia kunitengenezea wakati nilikuwa ninanuka kasiksi. Ninashukuru wale wanaume walibeba mama yao ku mabega na hawakunipiga. Walikuwa na haki ya kunipiga. Na kama kuko kitu naweza kuwaachia, ni hii tu: mutu akikuuliza, jibu ile anauliza. Gari kuinuliwa siyo zambi. Mimi nilipoteza njia pale watu walianza kuniona mukubwa na nikaogopa kuwaambia kipimo yangu.

Sasa wewe, maman. Ile musamaha nilikupa, uniregeshee, haikuwa yangu ya kutoa. Uende uwaambie wandugu zako kama ulinitetea bure. Hata ukinyamaza leo, hata ukitoka, sitakuwa na neno. Siku ile uliniuliza muzuri, na mimi nilikusikia muzuri.

Sasa ninakaa.