Kiingereza cha Kwenda Nachingwea

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja tu pale Newala, mbele ya cherehani ya fundi nguo, lakini kwa maneno yaliyomwagwa hapo ungedhani ni baraza la wilaya. Miaka hiyo Waingereza walikuwa wanalima karanga Nachingwea, na kila aliyejua kuandika aliutaka ukarani wa huko. Jumapili hiyo Isaka, mwalimu pekee wa shule ya Makote, alifika roho juu. Kesho alfajiri anapanda lori kwenda kusailiwa kwa Kiingereza, na mara ya kwanza walimrudisha kwa sentensi moja.

— Nilisema "I enjoy to write", Mzungu akatikisa kichwa. Eti iwe "writing". Lakini "I want to write" anaikubali! Kwa nini?

Silvesta, aliyeitwa Bama kwa kuwa alipigania Waingereza vitani huko Burma, akanywa kahawa kwanza.

— Hayo ya jeshini, mwalimu. "To" ni kazi bado. Sajini kasema, wewe ungali umelala. "Ing" tayari una jasho. Kutaka, kutumaini, kuahidi, kote huko umelala.

— Na kufurahia?

— Utafurahiaje kazi hujaigusa?

Isaka akacheka. Ilimwingia kabisa. Lakini Mzee Yeremia, mpiga kengele wa kanisani, ambaye jina lake kijiweni lilikuwa Kengele, hakukubali.

— Bama, usimpoteze mtoto wa watu. Mzungu akishiba husema "finished eating". Jasho limeshakauka, "ing" inatafuta nini?

— Si aliigusa!

— Na "avoid" je, mzee wangu? Isaka akadakia. Ninachokikwepa sijakigusa, na bado ni "avoiding".

Kengele akaona pengo.

— Mimi nawaambia ni baridi. Kwao ukiwa ndani ya blanketi unasema "to". Ukitoka nje meno yanagongana yenyewe: ing, ing, ing!

Wakacheka mpaka fundi akasimamisha cherehani. Ndipo akatokea Mwanne, mama wa Makote, vumbi la njia miguuni.

— Shikamooni.

— Marahaba, Mama Hamisi.

— Siyo Mama Hamisi tena, baba. Mwanangu katoka jandoni jana, kachukua jina la babu yake, Fikirini. La zamani halitajwi.

Wakampongeza. Akamgeukia Isaka.

— Mwalimu, kesho anarudi shule. Anaogopa wenzake watamwita lile la utotoni. Nimemwambia asihofu, mwalimu ndiye atakayeliita jina jipya, mbele ya wote. Utamwita, siyo?

Bama akatazama kikombe chake. Kengele akaona kiatu chake kina la kutazamwa. Isaka aliwapenda watoto wale, na ilimuuma kuligundua hilo leo, nauli ya lori ikiwa imeshalipwa. Kiingereza cha kesho kilikuwa tayari ulimini. Jibu la Kiswahili lilimkwama, na Mwanne alikuwa bado amesimama, akimsubiri.