Majina Kumi na Mawili ya Afande Wen Lan-mei

Marehemu Wen Lan-mei, tunayemsindikiza leo Alhamisi tarehe 28 Novemba 2024, nusu ya waliokaa uani hapa hawajawahi kumwita kwa jina hilo hata siku moja. Kwao alikuwa Afande. Alizaliwa tarehe 3 Novemba 1952 hapa hapa Meinong, katika nyumba hii hii ya ukoo, mtoto wa tatu na binti pekee wa wakulima wa tumbaku Wen A-kuei na Liu Chun-mei. Kaka wa katikati alifariki akiwa mchanga, hivyo wakabaki wawili, Lan-mei na kaka yake mkubwa Chao-fa, ambaye yupo nasi. Mama yao alizoea kusema kwamba binti huyu alizaliwa amekunja ngumi na hakuikunjua mpaka alipopewa kitu cha kushika.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na sekondari ya wasichana huko Pingtung, akiamka kabla ya jogoo kusaidia kukausha majani ya tumbaku kabla ya kupanda basi. Mwaka 1971 alikwenda Taipei kwenye chuo cha kijeshi. Baba hakutaka. Alimwambia, "Msichana na bunduki, nani atakuoa?" Naye akajibu, "Baba, nani alikuambia ninaenda kutafuta mume?" Alihitimu mwaka 1975 akiwa wa pili katika darasa lake. Aliyekuwa wa kwanza alikuwa mwana wa jenerali, na marehemu hakuacha kulitaja jambo hilo mpaka mwaka huu.

Tarehe 1 Agosti 1979 alipangiwa Chuo Kikuu cha Ming-yuan, Tainan, kuwa mmoja wa wale maafande waliovaa sare ambao kila chuo kilikuwa nao, kazi yao kusimamia mabweni na kulinda nidhamu ya wanafunzi. Alikaa huko miaka ishirini na saba. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Alikuwa na filimbi shingoni. Alichukia kandambili kwenye korido. Kila jioni saa moja alipita mlango kwa mlango akihesabu wasichana wake, na akifika mwisho aliuliza kwa sauti ya gwaride, "Wote wamo?" Ghorofa nzima ikaitikia, "Wote wamo, Afande!" Hakuna aliyelala njaa wala aliyelala na homa kwenye bweni lake bila yeye kujua.

Marehemu mwenyewe aliagiza kwamba siku ikifika, kosa lake lisifichwe, basi tunalisema. Mwezi Oktoba 1987 alikuta wasichana wawili wakipendana. Mmoja alikuwa Chiu Su-yun, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa misitu. Kanuni za wakati ule zilisema mzazi ajulishwe, na Lan-mei alikuwa mtu wa kanuni. Alipiga simu moja nyumbani kwao Chiayi, akasema yale aliyoyaona, akaiandika saa kwenye daftari la zamu na kurudi kwenye kazi zake. Kesho yake baba wa Su-yun alikuja na pikipiki. Binti aliondoka bila hata kuchukua viatu vyake vya mazoezi, na kitanda chake kikabaki kitupu kwenye hesabu ya jioni. Lan-mei alisema baadaye kwamba jioni ile aliuliza "Wote wamo?" na kwa mara ya kwanza jibu halikuja.

Alivumilia mwaka mmoja na miezi. Mwaka 1989 alipanda treni kwenda Chiayi akiwa amevaa nguo za kiraia, akamkuta Su-yun anamenya mananasi katika duka la baba yake. Alisimama mbele ya meza akasema, "Nimekuja kuomba radhi." Su-yun hakuinua macho.

"Afande, wewe ulipiga simu moja. Mimi nimeilipa miaka miwili."

"Najua."

"Hujui. Kaa basi, ule nanasi. Halafu usipige nyingine."

Hakupiga nyingine. Alirudi Tainan akageuza kazi yake juu chini bila kubadilisha hata kitufe cha sare. Wasichana wanaopenda wasichana, wavulana wanaopenda wavulana, na wale ambao jinsia iliyoandikwa kwenye cheti haikuwa yao, wote walijua kwamba kila Jumatano alasiri chumba cha Afande kiko wazi na kuna sufuria ya tambi pana za mchele za Meinong zenye vitunguu vya kukaanga. Simu ya mezani aliigeuza kazi: anayetaka kusema neno bila kuonekana alipiga, naye alisikiliza. Aliyehitaji daktari alipelekwa, aliyehitaji mshauri alitafutiwa, aliyefukuzwa nyumbani alipewa kitanda na kuandikwa kwenye daftari kama "msaidizi wa usafi". Na Su-yun, kwa kuandikiwa na kufuatiliwa barua miaka minne, alifanya tena mtihani wa kuingia chuo, akarudi Ming-yuan Septemba 1993 akiwa na miaka ishirini na sita.

Mabweni hufungwa mwaka mpya unapofika, na kila mtu huenda kwao kula chakula cha familia. Ambao kwao mlango umefungwa huenda wapi? Walikuja hapa. Kuanzia mwaka mpya wa 1990 Lan-mei alishuka kwenye basi akiwa na wanafunzi watatu, wanne, mwaka mwingine saba, akimwambia kaka yake kwamba maskini wamekosa tiketi za treni. Wifi yake, Liu Yun-ying, aliongeza bakuli bila kuuliza. Chao-fa naye alinyamaza, akawapa bahasha nyekundu za pesa za mwaka mpya kama watoto wengine, mpaka mwaka mmoja akashindwa kujizuia mezani.

"Lan-mei, hiyo treni ni ya namna gani? Miaka saba haina nafasi?"

"Ni treni ndogo, kaka."

"Basi mwambie dereva aongeze mabehewa. Wewe mrefu, mbona huli? Kula!"

Mwezi Machi 1995 wanafunzi hao waliamua kuwa na chama chao kilichosajiliwa, chenye chumba na ubao wa matangazo kama chama cha ngoma au cha mchezo wa bao. Kanuni ilitaka mlezi mmoja ambaye ni mtumishi wa chuo, na orodha ya majina ya wanafunzi kumi na wawili yenye sahihi. Maprofesa watano waliombwa kuwa walezi. Wote watano wakakumbuka safari. Lan-mei aliweka sahihi yake. Majina kumi na mawili yakapatikana pia, la kwanza likiwa la Chiu Su-yun. Lakini ofisi ya wanafunzi ilikuwa na desturi ya kuwatumia wazazi barua kuwaarifu watoto wao wamejiunga na chama gani, na Lan-mei alijua barua moja inaweza kufanya nini. Alichukua ile orodha, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi, kisha akaenda kwa mkuu wa ofisi mikono mitupu. Su-yun alikuwa nje ya mlango na alisikia yote.

"Kapteni, orodha iko wapi?"

"Iko salama."

"Kanuni inasema majina kumi na mawili."

"Ni kumi na mawili. Nimeyahesabu mara mbili."

"Nataka kuyaona."

"Kanuni inasema yawepo. Haisemi yaonwe."

"Wewe ni askari au wakili?"

"Askari, mheshimiwa. Ndiyo maana nikisema kumi na wawili, ni kumi na wawili."

Chama kilisajiliwa siku tisa baadaye. Hakuna aliyetaka kuwa mtu wa kwanza kusema kwamba kapteni wa jeshi hajui kuhesabu. Jambo hilo lilimgharimu: wenzake walipandishwa cheo, yeye alistaafu tarehe 31 Julai 2006 akiwa kapteni yule yule. Aliulizwa mara nyingi kama anajuta. Alijibu kwamba nyota za begani huchakaa, na kwamba chama kile leo kina chumba chenye madirisha mawili, mshauri anayelipwa mshahara na chuo, na wanafunzi wanaobandika picha zao ubaoni wakicheka. Familia hii inajivunia cheo hicho cha ukapteni kuliko ambavyo ingejivunia ujenerali.

Kuhusu ndoa, wasifu huu hautazua. Washenga walikuja mara tatu, na wa tatu aliondoka akiwa ameamriwa kukaza kamba za viatu. Kama alikuwa na mtu wa moyo wake, au kama naye alikuwa mmoja wa wale aliowalinda, hakusema, nasi hatukuuliza. Siri yake aliitunza kama alivyotunza za wenzake, na heshima ni ile ile.

Baada ya kustaafu alirudi Meinong, akalima mboga za ziwani na kuwagombeza majirani kuhusu maji ya mfereji. Mwezi Mei mwaka huu alianza kuumwa tumbo, na hospitalini akaambiwa ni saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Alikataa kulazwa. Siku mbili baadaye Su-yun alifika na begi lake, na nyuma yake wakaanza kuja wengine, kutoka Taipei, Hualien, mmoja kutoka Vancouver. Walibandika orodha ya zamu kwenye mlango wa jikoni, wakamwogesha, wakampikia uji, wakagombana naye kuhusu dawa. Alifariki dunia kwa utulivu tarehe 9 Oktoba saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na moja, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Su-yun.

Yaliyofuata yanamhusu kaka yake, naye ameruhusu yasomwe. Kwa desturi yetu, karatasi ya msiba ya binti asiyeolewa huwa fupi: kaka, wifi, wapwa, imekwisha. Mahali pa watoto hubaki patupu. Yi-hsuan, binti wa Chao-fa, ndiye aliyepewa kazi ya kuiandaa na ndiye anayeisoma sasa. Aliomba waliomuuguza shangazi yake waandikwe mahali hapo patupu.

"Karatasi ya msiba si ubao wa matangazo," Chao-fa alisema. "Dada yangu hakuzaa."

"Baba, wao ndio waliomwogesha."

"Washukuriwe. Tuwape chakula, tuwape viti vya mbele. Kuandikwa ni jambo jingine."

Wakati huo ile bahasha ilikuwa imekwisha kuonekana, ndani ya kopo la biskuti pamoja na filimbi na nyota za begani. Juu yake marehemu alikuwa ameandika, "Kumi na wawili. Isifunguliwe. Kila mmoja atajitaja mwenyewe akipenda." Yi-hsuan, kwa haraka ya ujana, alisema waifungue tu wajue ni kina nani wa kuandikwa. Baba yake alimnyang'anya.

"Kitu alichomnyima mkuu wake wa kazi, wewe unataka kukipasua kwa kisu cha matunda?"

Ikawekwa mbele ya picha ya marehemu. Kila baada ya siku saba, siku ya ibada ya kumwombea marehemu, watu walikuja kuchoma ubani, na baadhi yao wakasema wenyewe, "Mimi ni mmoja." Siku ya saba ya kwanza watatu, ya pili wanne, ya tatu watatu tena. Chao-fa aliwasikia wote, akawakaribisha chai, na hakubadilisha neno lake. Siku ya saba ya nne, tarehe 5 Novemba, aliingia uani bibi wa miaka themanini na moja aliyekuja kwa basi peke yake na mfuko wa mapera.

"Mimi ni mama yake Hsu Po-wei," alisema. "Mwanangu alikufa mwaka 2003. Nimekuja kumtajia jina lake, maana mwenyewe hawezi."

Chao-fa alimpa kiti. Bibi hakukaa.

"Mimi na baba yake tulimfungia mlango miaka minane. Kabla hajafa alirudi akanisimulia. Aliniambia, mama, mwaka mpya sikulala njaa, nilikuwa Meinong, kuna mzee kule alikuwa ananilazimisha kula."

"Yule mrefu?" Chao-fa aliuliza. "Aliyekuwa anatafuna mpaka mifupa ya samaki?"

"Huyo huyo."

Mzee aliingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka amevaa miwani, macho mekundu. Alimpa binti yake kalamu. "Andika," alisema. "Mahali pa watoto. Anza na huyu."

Marehemu Wen Lan-mei ameacha kaka yake Wen Chao-fa. Wifi yake Liu Yun-ying. Na wapwa zake Yi-hsuan na Kuo-hung. Mahali pa watoto, kwa agizo la kaka mkubwa na kwa ridhaa ya kila mwenye jina, wameandikwa: Hsu Po-wei, aliyemtangulia, kwa kinywa cha mama yake, Chiu Su-yun, Pan Yu-hsi, Tseng Kai-ti, Lai Hsin-ju, Kao Chun-yen, Yeh Ming-che, Shih Wan-ting, Tu Shao-an, ambaye kwenye bahasha atakuwa ameandikwa jina lingine, lakini hili ndilo lake, Ho Pei-chi, na Kan Jung-tse.

Hao ni kumi na mmoja. Mstari wa kumi na mbili umechapwa mtupu, na umechapwa hivyo kwa makusudi. Mwenyewe yupo mahali fulani, pengine amekaa hapa hapa kati yetu, na hakuna atakayemtafuta kwa macho. Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, Chao-fa aliiweka bahasha chini ya mikono ya dada yake. Haijafunguliwa.

Afande, wote wamo. Pumzika kwa amani.