Nani Amwombe Nani Msamaha? Bwana Godlisten Shayo Anastaafu

Tarehe 31 Desemba 2009, Bwana Godlisten Shayo anarudisha ufunguo wa meza yake baada ya miaka ishirini na mitano katika ofisi yetu ya kuthamini nyumba. Ufunguo ni rahisi kuurudisha. Macho ndiyo yatamsumbua. Hata harusini hutazama dari kwanza, bibi harusi baadaye.

Alitoka Moshi kuja Minnesota kusoma, akapata shahada na baridi kwa pamoja, kisha mwanzoni mwa 1985 akaajiriwa kuzunguka mitaani akikagua nyumba. Mtaa wa Phillips wote aliujua kwa miguu. Mbwa wa huko aliwaamkia kwa Kiswahili, na anaapa kwamba aliyemuuma ni mmoja tu, ambaye hata salamu hakuitikia. Toyota yake imezeekea mikononi mwake. Asubuhi za Januari huibembeleza kama mtoto mwenye homa, na ikiwaka huingia ofisini akijipigia makofi. Tumeicheka sana gari hiyo, na ndiyo iliyoturudisha nyumbani siku magari yetu mapya yalipogoma kwenye theluji.

Lakini sifa yake kubwa ni ya kiangazi cha 2008. Mwaka huo Minnesota ilipitisha sheria ya kuwapunguzia kodi ya nyumba wanajeshi wa zamani waliopata ulemavu wakiwa kazini. Godlisten alifurahi utadhani sheria kaiandika yeye. Akaanza kuwapigia simu Waswahili wote aliojua kuwa wana askari nyumbani, maana mwisho wa kuomba kila mwaka ni tarehe mosi Julai.

Mmoja wao ni Fahim, kijana wa Mombasa anayeishi Brooklyn Park na mamake, Bi Shamsia. Miguu yake miwili ilibaki Iraki. Nyumba yake haina ngazi, milango imepanuliwa, na humo pekee ndimo anamozunguka na kiti chake bila kusukumwa na mtu. Kodi ilikuwa inamshinda, na tayari alishaanza kuzungumza na dalali ili aiuze. Godlisten alipopiga simu hakumpata, akaacha ujumbe kwa Kiswahili sanifu cha kwao Tanzania: Fahim afike ofisini aombe msamaha wa kodi kabla muda haujapita.

Aliyeusikiliza ujumbe ni Bi Shamsia, na masikio yake yaliishia kwenye "aombe msamaha".

"Mwanangu kamkosea nani?" aliuliza, na swali hilo akalipeleka mpaka harusini, mji mzima ukalisikia. "Miguu katoa yeye, na msamaha aombe yeye?" Fahim Kiingereza anakijua na sheria alikuwa ameisoma. Kumbe mwenyewe alikuwa anaona haya kusaidiwa, hivyo hasira ya mamake akaifanya ngao. Godlisten alipopiga tena, alijibiwa kwa adabu zote: "Uncle, Mum amesema siendi ku-apologize, so siendi."

Wengine wetu tungekata simu tukaendelea na kazi. Yeye, Jumamosi ya mwisho ya Juni, aliibembeleza Toyota hadi Brooklyn Park. Bi Shamsia alimpokea kwa chai na mahamri, maana Mpwani hata akikukasirikia hakunyimi chai, kisha akamsomesha: anayeomba msamaha ni mkosaji. Godlisten akaweka kikombe chini.

"Umesema kweli, Bi Shamsia. Basi tuseme hivi: serikali ndiyo inayoomba msamaha. Miguu haiwezi kuirudisha, imekuja na hiki kidogo ilicho nacho. Fahim anaombwa apokee tu."

Bi Shamsia akacheka, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Akamgeukia mwanawe: "Haya, wasamehe. Katie sahihi."

Jumatatu Fahim alikuja akatia sahihi, na dalali akaambiwa nyumba haiuzwi. Habari ilienea haraka kuliko tangazo lolote. Kesho yake, siku ya mwisho, na tena mwaka uliofuata, familia nyingine za askari zikaja kifua mbele, zikisema mlangoni kwamba zimekuja kuisamehe serikali, nasi tukashangilia kila moja. Kwenye tangazo letu la Kiswahili neno "msamaha" liliondoka, likakaa "haki ya askari". Hilo ni tunda la Godlisten, na tunajivunia kulila pamoja naye.

Kwa mkewe Victoria, kule New Hope, tunatoa hongera na pole kidogo: dari zako zitakaguliwa kila siku.

Godlisten, asante kwa kutufundisha kwamba mlango ukifungwa kwa neno, hufunguliwa kwa neno. Uwe na afya, na siku zako zijazo ziwe tamu na tele. Mahamri unayoyaona mezani leo yametoka Brooklyn Park. Fahim ameyaleta mwenyewe, kutoka nyumba ileile.

Na kwetu watu wakiagana husameheana. Basi tulipoicheka gari yako, na tulipokukosea bila kujua, tunakuomba msamaha. Safari hii neno liko mahali pake.

Leah, wa meza ya jirani