Uso wa Mwenye Leseni

"Shauri la Hali ya Uso wa Mwenye Leseni ya Kinyozi, Soko la Emali, Pamoja na Mambo Mengine Yanayohusiana Nayo."

Hivyo ndivyo Karani alivyofungua kikao, Jumatano moja ya mwaka 1986, akiwa na kikombe cha kahawa mkononi. Jina lake hasa lilikuwa Muthama, lakini miaka aliyokaa nyuma ya meza ya serikali kule Machakos ilimwachia jina hilo, pamoja na ugonjwa wa kushindwa kunywa kahawa bila ajenda. Benchi la kikao lilikuwa ubao wa lori lililokufa, umelazwa juu ya matofali kati ya kibanda cha kinyozi na jiko la Mumina, mama wa kahawa ya tangawizi. Ukiketi hapo, reli iko mgongoni, barabara ya Mombasa iko machoni, na shida za wenzako ziko mapajani mwako.

Shida ya siku hiyo ilikuwa ya Mutie, kinyozi mwenyewe. Chunusi zilimwanza mwaka uliotangulia, moja kidevuni, kama mgeni anayeomba maji tu. Sasa zilikuwa zimejenga. Mashavu yote mawili yalijaa, mpya zikiota juu ya zile kuukuu, na wateja walikuwa wakivuka reli kwenda kwa kinyozi mwingine aliyekuwa na uso laini na mkono wa kutisha. Jumatatu Bwana Afya, mkaguzi wa serikali, alisimama mlangoni, akamtazama Mutie usoni, akarudi nyuma hatua nzima.

"Mtu akija hapa na uso wake, ataondoka na wako," alisema. "Ijumaa nitarudi. Nikikuta hivi, leseni naenda nayo."

Mutie hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Bila leseni ilikuwa ni kurudi kwao Kilungu, kupalilia miparachichi ya shemeji na kusemwa mezani.

— Ajenda iko wazi, — alisema Karani. — Nani anaanza?

— Ni damu, — alisema Mutiso, aliyeitwa Bibisii kwa sababu hakuwahi kuonekana bila redio kwapani. — Damu yako ni chafu, Mutie. Haupati choo vizuri. Redio ilisema.

— Redio ilisema mimi sipati choo?

— Ilisema watu. Kwani wewe si watu?

— Wacha mambo ya choo, tunakunywa, — alisema Kinuthia, dereva wa lori, mwenye nywele za mawimbi zilizokuwa fasheni mwaka huo, zile zinazonyunyiziwa mafuta mpaka kola inalowa. — Hiyo ni mafuta ya nyama. Ukikula mbuzi usiku, mafuta inatafuta mahali ya kutokea.

— Na wewe unayekula mbuzi kila siku, — aliuliza Mumina bila kuinua macho jikoni, — yako inatokea wapi?

— Si unaona nywele?

Walicheka. Kinuthia alinyoosha mkono hadi kwenye msumari wa mlangoni, akachukua taulo, akajipangusa mafuta yaliyokuwa yakimshukia kwenye paji la uso, akalirudisha.

— Mhusika aseme amechukua hatua gani, — aliamuru Karani.

Mutie alijieleza kama mtu aliye mbele ya hakimu. Kila asubuhi alikuwa akisugua uso kwa sabuni ya kufulia na gunzi la mahindi. Halafu alisimama mbele ya kioo na kubinya kila chunusi kwa kucha mpaka itoe ilichokuwa nacho. Halafu alijipaka spiriti, ileile ya kusafishia mashine.

— Inachoma?

— Inachoma mpaka naona marehemu baba yangu.

— Basi inafanya kazi, — alisema Bibisii. — Ongeza. Na ukilala, paka mafuta ya kupikia, ile nyeupe, ifunge mashimo yote.

— Napaka.

— Asi! Na bado?

— Bado.

Benchi lilishtuka. Mtu amejichoma, amejibinya, amejikaanga, na uso haujasikia! Bibisii alihisi taaluma yake imeguswa. Alichukua taulo, akafuta vumbi kwenye redio, akapangusa na betri moja iliyoanza kuvuja, akawaza.

— Basi ni treni, — alisema hatimaye.

— Treni imefanya nini?

— Inatoka Mombasa, sivyo? Huko kuna chumvi. Ile chumvi inapanda kwa mabehewa, inasafiri usiku kucha, ikifika Emali inachoka, inaanguka. Inaanguka kwa nani? Kwa mtu anakaa karibu na reli.

— Haiya! Na sisi tunakaa wapi?

— Sisi tumegeuza mgongo.

Hakuna aliyeweza kukataa kwamba walikuwa wamegeuza mgongo. Mutie alitazama mlango wa kibanda chake, alipokuwa akikaa siku zote uso ukielekea relini.

— Hapana, — alisema Karani polepole. Alitoa meno yake ya bandia, kama afanyavyo kila anapotaka kusema jambo zito, akayafuta vizuri kwa taulo, akayarudisha. — Mimi nimekaa serikalini. Nimeona mafaili. Mutie, kazi yako ni kukata nywele za watu. Kichwa cha mtu kina mawazo, na mengine ni mabaya. Nywele ikikatwa, yale mawazo yanaenda wapi?

Karani aliinua kidole.

— Yanaruka. Yanakamata aliye karibu. Wewe umechukua uchafu wa mawazo ya Emali yote, pamoja na ya madereva.

— Ngai! — Kinuthia alishika nywele zake.

— Sasa afanye nini?

— Anyoe kwa mbali.

Mutie aliinuka. Alinyoosha mkono wake wote, akaushika hewani kana kwamba una mashine, akapima umbali kati ya vidole vyake na shavu lake. Mumina alimtazama, akatikisa kichwa, akaongeza makaa. Mtu mzima akifika mahali pa kupima mkono wake mwenyewe kwa sababu ya maneno ya Karani, ujue ameshaanza kuona parachichi za shemeji.

Hapo ndipo alipotokea mteja. Alikuwa Ahmednur, mchuuzi wa mbuzi kutoka kaskazini, mgeni kabisa kijiweni, shuka begani na ndevu zikitaka kutengenezwa. Alimsalimu Mumina, ambaye naye kwao ni kaskazini, kwa lugha yao, akawasalimu wengine kwa Kiswahili, akaingia kibandani na kuketi. Benchi zima liligeuza shingo kutazama kupitia mlango uliokuwa wazi.

Mutie alichangamka. Alichukua taulo msumarini, akalikunjua mbele ya macho ya mteja, na kwanza kabisa akajipangusa yeye mwenyewe: paji la uso, shavu hili, shavu lile, kidevu, kwa kukaza.

— Unaona, bwana? — alisema. — Safi. Natumia mimi mwenyewe kwanza.

Huo ulikuwa utaratibu wake tangu mwaka uliotangulia, watu walipoanza kunong'ona kwamba mataulo ya vinyozi yana magonjwa. Karani ndiye aliyeubuni, akauita Uthibitisho wa Hadharani. Kila mteja alithibitishiwa. Chunusi zilipoongezeka, wateja walizidi kuwa na shaka, na Mutie naye alizidi kuthibitisha, wakati mwingine mara mbili kwa kichwa kimoja. Sasa alilipeleka taulo kwenye uso wa Ahmednur.

Ahmednur alimshika kifundo cha mkono, kwa upole.

— Ngoja, ndugu. Hii taulo huoshwa na nani?

Mutie alimgeukia Mumina, ambaye ndiye mwenye maji.

— Mimi? — Mumina alisimama. — Mimi nadhani ni yako, unaosha kwako!

— Mimi nalala hapa, mama. Kwangu wapi?

— Wallahi, mimi nashikia nayo birika tu! Na ile siku yule mbuzi aliyeletwa kutoka Ikutha aliharisha kwa benchi...

Wote walitazama ubao waliokalia.

— Ulipangusa na nini? — aliuliza Karani.

— Wewe ulitaka kukaa! Ulisema haraka!

— Mimi, — alisema Kinuthia kwa sauti ya chini ambayo haikuwa yake, — kila nikipima oili ya lori, ile fimbo ya kupimia... napangusa wapi?

— Na mimi mnyororo wa baiskeli yangu, — alisema Bibisii. — Na juzi mbwa alilamba redio.

— Karani, — Mutie alisema. — Wewe umeweka meno.

Karani alikuwa ameshayatoa meno. Aliyashika mbali na mwili, mkono umenyooka, kwa umbali uleule aliompendekezea Mutie, akiwa hajui ayaweke wapi. Mutie alilitazama taulo. Kwa mara ya kwanza alijiuliza lilinunuliwa likiwa na rangi gani. Alijiona asubuhi baada ya asubuhi akijibinya kwa kucha, akijifungua vidonda kwa gunzi na spiriti, kisha kutwa nzima, kichwa baada ya kichwa, akivipaka oili, mbuzi, mbwa na Karani, tena kwa kukaza. Aliketi kwenye ngazi ya kibanda.

— Napendekeza iundwe kamati ndogo, — alisema Karani bila meno, na hakuna aliyemwelewa.

Mumina hakungoja kamati. Alilishika taulo kwa koleo la makaa, akalitumbukiza kwenye karai, akamimina sufuria yote ya maji yaliyokuwa yakichemka kwa ajili ya kahawa. Maji yaligeuka meusi kabla hajatia sabuni. Alimwaga, akachemsha mengine, yakawa meusi. Ya mara iliyofuata yalikuwa ya kahawia, na katikati ya taulo ikaanza kujitokeza picha ya ua ambalo hakuna mmoja wao aliyewahi kuliona.

— Kahawa? — aliuliza Bibisii.

— Imeisha, — alisema Mumina, akionyesha mtaro ilikokwenda.

Ahmednur alitengenezwa ndevu, akajipangusa kwa shuka lake mwenyewe, akalipa, akaenda zake kutafuta mbuzi. Mutie alikwangua kucha zake kwa wembe mpaka nyama, na ile chupa ya spiriti akairudisha kwenye kazi ya mashine.

Bwana Afya alifika Ijumaa kabla ya chakula cha mchana. Uso wa Mutie ulikuwa bado vilevile, maana siku mbili hazitoshi. Lakini Bwana Afya hakuutazama. Alitazama msumari mtupu, kwa kuwa taulo lile lilikuwa bado kwenye karai la Mumina, akafungua kitabu cha kanuni, akaandika kwamba kibanda hakina taulo. Akaiacha leseni, kwa sharti kwamba litundikwe moja.

Mutie alinunua jipya, akalitundika, na hakuna aliyeligusa. Wateja walikuja na vitambaa vyao. Yeye aliosha uso kwa maji na sabuni ya kuogea, akaacha kuubinya, akakausha kwa leso yake iliyofuliwa, na mvua za Novemba zilipoanza, chunusi zilikuwa zimekauka, zikabaki alama.